Neno Gumu, Maneno Mengine na Tamathali: Kupima Kiingereza cha Juu Njombe na Makambako

Kupima Kiingereza cha juu kwa mwanafunzi wa sekondari ni kupima mambo matatu yanayokwenda pamoja: kujua neno lisilo la kila siku, kuweza kusema jambo lilelile kwa maneno mengine, na kuelewa usemi ambao maana yake haiko wazi kwenye maneno yenyewe. Katika mitihani ya Tanzania mambo hayo huja kwa sura ambazo kila aliyepita kidato cha nne anazifahamu: oanisha neno na maana yake, andika upya sentensi kwa kufuata maelekezo, eleza maana ya neno kama lilivyotumika kwenye habari, fupisha aya, taja tamathali iliyotumika. Kila sura ina kitu inachokipima kweli na kitu inachodhaniwa kukipima. Pengo kati ya viwili hivyo limewasumbua walimu wa Kiingereza wa Njombe na Makambako kwa muda mrefu, na maelezo haya yanatokana na miaka ambayo mwandishi wake alifundisha somo hilo katika miji yote miwili.

Makambako na Njombe zimetenganishwa na kilometa 60 hivi za barabara, lakini ni miji ya tabia mbili. Makambako ni njiapanda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia inapita hapo, ya Songea inachepukia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapo. Njombe iko juu zaidi, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari; ni mji wa baridi, chai, miwati, misonobari, viazi mviringo na siku hizi parachichi, na tangu mwaka 2012, mkoa mpya ulipomegwa kutoka Iringa, ndio makao makuu ya mkoa huo. Mtoto wa huku hukulia kwenye Kibena, Kikinga, Kipangwa, Kiwanji au Kihehe, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu anapoingia kidato cha kwanza masomo yake karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo neno gumu la Kiingereza humkuta tayari ana lugha mbili, na zote mbili zimeshamfundisha methali, vitendawili na namna ya kulizunguka jambo bila kulitaja. Hilo ni la kukumbukwa kabla ya kusema kwamba mwanafunzi fulani hajui tamathali.

Sura za maswali yenyewe ni za urithi. Kabla ya uhuru na kwa miaka kadhaa baadaye, watahiniwa wa Tanganyika walifanya mtihani wa Cambridge, ambao katika Kiingereza uliupa heshima kubwa ufupisho wa habari. Likafuata Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa humo mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Vitabu vya fasihi vikawa vya waandishi wa Kiafrika, lakini maagizo mengi ya maswali ya lugha yalibaki na umbo la zamani. Mazingira ya lugha, kwa upande wake, yalikuwa yamegeuka kabisa, kwani tangu 1967 Kiswahili ndicho kilichofundishia shule za msingi. Mwaka 1982 tume ya rais ya elimu, iliyoongozwa na Jackson Makwetta, mbunge kutoka Njombe hiihii, ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari pia. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi nchini wakakuta kwamba ni kama asilimia 10 tu ya waliokuwa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angeweza kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Hicho ni kiwango cha kuanzia, kwa watu waliokuwa wanamaliza. Maswali ya neno gumu na ya tamathali yaliendelea kutungwa kana kwamba msingi huo upo.

Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo la msamiati katika shule nyingi za huku lilikuwa orodha. Mwalimu aligawa ubao kwa mstari wa chaki, neno kushoto na kisawe chake kulia: “abandon” kwa “leave”, “vast” kwa “big”, “commence” kwa “begin”. Wanafunzi walinakili kwenye kauntabuku, wakakariri, na Ijumaa wakajaribiwa kwa kuoanisha. Alama zilikuwa za kufurahisha. Wanafunzi haohao walipotakiwa kutunga sentensi, zilikuja za namna hii: “I abandon school at four o'clock every day.” “The potatoes of Njombe are vast.” Sarufi yake haina kasoro, na orodha imefuatwa kwa uaminifu mkubwa. Kinachokosekana ni kujua neno linakaa na maneno gani. “Abandon” ni kuacha kile ambacho mtu alipaswa kubaki nacho: mtoto, shamba, gari lililokufa njiani. “Vast” husemwa kwa kitu kilichotandaa mbele ya macho, kama mashamba ya chai ya Luponde au msitu wa misonobari, si kwa kitu kinachoshikika mkononi. Swali la kuoanisha lilikuwa limepima kumbukumbu ya jozi, na jozi zilikumbukwa.

Wapimaji wa lugha wa mataifa mengine walipita njia hiyohiyo kabla ya kuiacha. Mtihani wa TOEFL, ulioanza mwaka 1964 kwa ajili ya wageni wanaotaka kusoma vyuo vya Marekani, ulikuwa kwa muda mrefu na sehemu ya visawe inayojitegemea; ilipofika 1995 maswali ya msamiati yakawa yanaulizwa ndani ya habari ya kusoma. Sababu yake inaonekana hata kwenye darasa la Makambako. Mtahiniwa anayejiandaa kwa orodha hujifunza orodha, na anayejiandaa kwa habari hulazimika kusoma habari. Mtihani huamua mwanafunzi atakavyotumia jioni zake.

Njia ya kulirekebisha swali la kuoanisha haihitaji fedha. Neno huwekwa kwenye sentensi ambayo mwanafunzi anaiona akilini, kisha machaguo yote yanakuwa maneno ambayo orodha ingeyatafsiri kwa “leave”. Kwa mfano, dereva wa lori ameliacha gari kando ya barabara akatembea kwa miguu hadi Makambako, na machaguo ni “abandoned”, “resigned”, “divorced” na “evacuated”. Aliyekariri jozi hana pa kushika, kwa kuwa yote manne ni kuacha. Anayejua kwamba mtu huacha kazi kwa neno moja, mke kwa jingine, nyumba inayoungua kwa jingine na gari kwa jingine hufika kwenye jibu mara moja. Maswali kumi ya namna hii huchukua jioni nzima kutunga, ilhali ya kuoanisha huandikwa kengele ya mapumziko ikisubiriwa. Ugumu huo wa utunzi ndio uliozifanya orodha zidumu.

Wapo pia wanafunzi waliokuwa na maneno ambayo orodha haikuyatafuta. Kijana mmoja wa Makambako alikuwa akishinda Jumamosi na Jumapili kwenye kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara kuu, mahali yanaposimama malori yanayokwenda na kutoka Zambia. Madereva wa Zambia walizungumza naye Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji. Siku moja neno “stranded” likatokea darasani katika habari iliyohusu meli, na darasa likanyamaza. Yeye akasimama: “Mwalimu, ni dereva ambaye tairi limepasuka, spea hana, simu imezima, na tajiri yuko Lusaka.” Alipoombwa aandike maana hiyo kwa Kiingereza, akaandika: “A stranded man has no way to go and no way to come back.” Kamusi nyingi za shule hazina maelezo mazuri kuliko hayo. Katika majaribio ya kuoanisha alikuwa mmoja wa wanaoshika mkia.

Msamiati wa juu unaoumiza zaidi, hata hivyo, haupo kwenye somo la Kiingereza. Upo kwenye maagizo ya masomo mengine. Historia inauliza “account for”, Jiografia inasema “examine”, Uraia unasema “justify”, Biolojia inataka “distinguish”. Averil Coxhead alipochapisha mwaka 2000 orodha yake ya maneno ya kitaaluma, familia 570 za maneno yanayorudi katika vitabu vya masomo yote, alikusanya maneno ya kundi hilihili: hayatishi kwa urefu, wala hakuna anayeyaita magumu, lakini bila hayo hakuna kitabu kinachosomeka. Mwanafunzi anayedhani “account for” ni kusimulia atajaza kurasa mbili kwa mambo ya kweli kuhusu ujio wa wakoloni bila kutaja sababu hata moja, na atapata alama chache kwa jambo analolijua. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kufundishia ngazi zote, lakini mitihani ya sekondari imeendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo jaribio lenye manufaa kuliko yote katika muhula wa kwanza wa kidato cha tatu ni lile linalochukua maagizo ya mitihani iliyopita ya masomo yote na kumtaka mwanafunzi aseme, kwa Kiswahili, anaombwa kufanya nini. Halimpimi Historia wala Biolojia. Linampima kama anasikia anachoambiwa. Walimu wa masomo mengine walipoonyeshwa majibu yake, ndipo walipoanza kueleza maagizo yao kabla ya kufundisha mada.

Kusema jambo kwa maneno mengine hupimwa zaidi kwa swali la kuandika upya sentensi. Swali hili lina fomula, na fomula zinafundishika hadi saa nne za usiku kwenye twisheni. Sentensi inasema mvua ilipokatika tu wakulima walirudi shambani. Mtahiniwa anaambiwa aanze na “No sooner”. Darasa zima la kidato cha nne lingeweza kuandika “No sooner had the rain stopped than the farmers went back to the field” bila kusita. Chini yake, katika jaribio moja, liliongezwa swali dogo: kipi kilitangulia, mvua kukatika au wakulima kurudi? Wengi walijibu kwamba wakulima walitangulia, na wengine kwamba mvua haikukatika kabisa. Walikuwa wameiona “No” mwanzoni mwa sentensi wakaisoma kama kukana. Umbo la sentensi lilikuwa mikononi mwao na maana haikuwamo. Swali dogo la namna hiyo, lenye alama moja, hutenganisha waliobadilisha maneno na waliobeba maana kutoka sentensi moja hadi nyingine. Tangu hapo halikuachwa.

Jaribio lililofundisha mengi zaidi lilifanyika Njombe mjini, na chanzo chake kilikuwa kibandiko cha dawa ya ukungu wa viazi. Wakulima wa huku hupulizia viazi karibu kila msimu, na baadhi ya pakiti zinazouzwa madukani zina maelezo marefu ya Kiingereza. Maelezo ya pakiti moja yalinakiliwa ubaoni yalivyo: dawa itumike kabla dalili za ugonjwa hazijajitokeza, isipuliziwe mvua ikikaribia, mavazi ya kujikinga yavaliwe, chombo kitupu kisitumike tena. Kazi ilikuwa ya sehemu mbili. Kwanza, mwanafunzi amweleze shangazi yake anayelima viazi na hajui Kiingereza. Pili, aandike maelezo hayo upya kwa Kiingereza ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza angekielewa.

Sehemu ya kwanza ilijazwa kwa wepesi. Kila mmoja alikuwa na shangazi wa kweli akilini, na baadhi walianza kwa “Shikamoo shangazi” kabla ya kufika kwenye dawa. Sehemu ya pili ndiyo iliyoleta tofauti. Wengi walinakili sentensi za pakiti na kubadilisha neno moja moja, hasa kwa kuongeza ugumu: “before” ikawa “prior to”, “use” ikawa “utilize”. Msichana mmoja aliandika hivi kuhusu dalili za ugonjwa: “Do not wait to see the sickness. Spray when the leaves are still clean.” Ukiondoa “spray”, hakuna neno hata moja hapo lisilomo katika maneno 2,000 hivi ya kawaida ambayo Michael West aliyaorodhesha mwaka 1953 kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza. Na hakuna jambo lolote la pakiti lililopotea. Zaidi ya hapo, ameingia ndani ya kosa ambalo mkulima hulifanya, la kungoja mpaka majani yawe meusi, akalizuia kwa sentensi ya kwanza.

Jibu hilo linaonyesha kitu ambacho shule imekigeuza. Wanafunzi hufundishwa kwamba kusema kwa maneno mengine ni kupanda, kutoka neno dogo kwenda kubwa, kwa sababu neno kubwa linaonekana kuwa ushahidi wa elimu. Uwezo wenyewe unaonekana vizuri zaidi katika kushuka. Anayeweza kulishusha jambo gumu hadi maneno mepesi bila kumwaga chochote njiani amelielewa, na anayelipandisha anaweza kuwa amelielewa au amefungua kamusi tu. Wole Soyinka alilijua hili. Katika The Lion and the Jewel, tamthilia ambayo madarasa mengi ya kidato cha tatu na cha nne nchini yameisoma, mwalimu Lakunle anaishutumu desturi ya mahari kwa mlolongo mrefu wa vivumishi alivyovitoa kwenye kamusi yake fupi, na Sidi, msichana asiyesoma, anamhoji kama maneno yamemwishia. Darasa lilipofika ukurasa huo lilicheka kila mwaka. Ilifaa mwalimu asimamishe kicheko hapo na kuwaomba wanafunzi wayaseme malalamiko ya Lakunle kwa sentensi moja nyepesi, kwa sababu hapo ndipo walipogundua kwamba katika mlolongo ule hoja ni chache kuliko maneno.

Ufupisho wa habari una ugonjwa uleule wa kunakili. Dawa yake ya kawaida, kuhesabu maneno, haitoshi. Mtahiniwa hunakili sentensi ya kwanza ya kila aya na hesabu ikatimia. Kinachosaidia ni kumpa msomaji mwenye shida maalumu, kama yule shangazi, ili yaliyomo yachujwe kwa haja ya mtu na si kwa nafasi iliyopo.

Tamathali za semi ndizo zilizoleta mabishano mengi zaidi kwenye meza ya kusahihishia. Katika mtihani mmoja wa utamilifu uliosahihishwa na walimu wa shule kadhaa kwa pamoja, swali lilitaka maana ya usemi kwamba habari zilienea “like wildfire”. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na jibu moja: haraka sana. Mtahiniwa mmoja alikuwa ameandika kwamba habari zilikwenda kutoka kwa mtu hadi kwa mtu na hakuna aliyeweza kuzizuia. Msahihishaji akaweka kosa, kwa kuwa neno la uharaka halikuwapo. Mwenzake aliyelelewa upande wa misitu akapinga. Kila mwaka wakati wa kiangazi, Septemba na Oktoba hasa, mashamba ya misonobari ya huku huungua, na watoto wa sekondari hutoka na wanakijiji wakiwa na matawi mabichi kwenda kuuzima moto. Mtoto aliyewahi kuusimamia moto wa msitu anajua kwamba uharaka ni sehemu tu ya jambo. Kinachotisha ni kwamba unaruka barabara, unaruka mkondo wa maji, na ukiuzima hapa unawaka kule. Jibu la mtahiniwa yule lilikuwa na undani wa tamathali ambao mwongozo haukuwa nao. Alama ilirudishwa baada ya mjadala mrefu, na mwongozo ukaandikwa upya kwa kalamu pembeni ili karatasi nyingine zenye jibu kama hilo zisidhulumiwe.

Kuna tamathali ambazo mazingira ya huku huzifungua na nyingine ambazo huzifunga. “White as snow” ilieleweka Njombe kuliko mwalimu mgeni kutoka pwani angetarajia, kwa sababu katika usiku wa baridi kali wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani ya viazi na asubuhi mabonde yanakuwa meupe. Nahau kama ile ya mvua ya paka na mbwa haina pa kuingilia, si kwa Mbena wala kwa mtu mwingine yeyote. Maana yake haichimbuliki kwa kufikiri, na kuiuliza peke yake ni kupima kama mtu aliwahi kuambiwa. Nahau hupimwa kwa haki pale tu zinapokuwa ndani ya habari inayotoa mwanga wa kutosha kuzikisia.

Majina ya tamathali nayo yanahitaji kuangaliwa kwa uangalifu. Mwanafunzi mmoja alitunga “The fog swallowed the bus”, sentensi ambayo msafiri yeyote wa asubuhi kati ya Makambako na Njombe ataiona mara moja. Je, ni tashihisi au sitiari? Wanaosema tashihisi wanadai kwamba ukungu umepewa tendo la kiumbe. Wanaosema sitiari wanajibu kwamba kumeza si tendo la mtu peke yake, chatu humeza, na kwamba ukungu umefananishwa na mdomo bila neno la kulinganishia. Pande zote mbili zina hoja, na hata wataalamu wa balagha hawachori mpaka wa tamathali hizi mahali pamoja. Swali linalotaka jina moja kwa usemi wa namna hiyo humwadhibu mmoja wa watu wawili wenye akili. Swali linalouliza msomaji anaona nini, na kwa nini kitenzi hicho na si “covered”, humpa kila mmoja nafasi ya kuonyesha alichonacho. Aliyekariri kwamba penye “like” au “as” ni tashbihi atalipata swali la jina akiwa amefumba macho. Hili la pili hawezi.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba mwanafunzi huyo anayekariri majina ya tamathali za Kiingereza, kipindi kilichotangulia, alikuwa kwenye Kiswahili akichambua tashbihi, sitiari, tashihisi, mubalagha na tafsida kwa ufasaha. Tangu mtihani wa darasa la saba amekuwa akikamilisha methali na kutegua vitendawili. Kengele inalia, mwalimu mwingine anaingia, na elimu yote ile inaachwa mlangoni kana kwamba ni ya mtu mwingine. Katika shule ambazo mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza walikubaliana kufundisha tamathali wiki moja, kwa mifano inayolingana, wanafunzi waliacha kuziona kama majina ya kigeni ya kukariri. Mashairi ya mkusanyo wa David Rubadiri, Growing Up with Poetry, yalianza kuulizwa maswali ambayo awali yaliulizwa kwa mashairi ya Kiswahili tu: nani anasema, anamsema nani, kwa nini amelificha jambo hili.

Kutokana na hilo linakuja suala la lugha ya kujibia, ambalo walimu wengi hawapendi kulisikia. Swali linalotaka mwanafunzi aeleze tamathali ya Kiingereza kwa Kiingereza linapima vitu viwili kwa alama moja: kuelewa usemi, na kuweza kueleza. Akikosa, mwalimu hajui amekosa kipi. Katika majaribio ya ndani ya shule hakuna kinachozuia kuvitenganisha. Sehemu ya kuelewa ijibiwe kwa Kiswahili. Sehemu ya kueleza ijibiwe kwa Kiingereza na ihusu jambo ambalo hakuna shaka kwamba mwanafunzi analijua. Darasa lililofanyiwa hivyo Makambako lilionyesha kwamba kuelewa kulikuwa juu na kueleza kulikuwa chini sana. Muhula uliofuata haukutumika tena kufafanua tamathali. Ulitumika kuandika.

Katika utunzi wa jaribio zima, kifaa kimoja cha bei nafuu kinastahili kutajwa. Mwaka 1953 Wilson Taylor wa Marekani alieleza njia ya kufuta maneno ya habari kwa mpango maalumu, kwa mfano kila neno la tano, na kumwachia msomaji ayajaze. Mwalimu mwenye aya moja ya gazeti la Kiingereza, kalamu na mashine ya kudurufu anaweza kuitumia asubuhi hiyohiyo. Njia hiyo inakamata msamiati, sarufi na uelewa kwa pamoja, na uzuri wake kwa mazingira ya huku ni kwamba haikaririki. Kasoro yake ni katika kusahihisha. Mwandishi wa gazeti aliandika “large”, mwanafunzi ameandika “big”, na mwalimu mwenye haraka anakata. Inafaa kukubali kila neno linalokaa sawasawa mahali pake, hata kama kazi inakuwa ndefu.

Usahihishaji wa maswali ya maneno mengine na tamathali hauwezi kuachiwa mwongozo ulioandikwa kabla karatasi hazijaonekana. Utaratibu uliofanya kazi ni wa walimu wawili au watatu kusoma kwanza karatasi chache zilizochukuliwa bila kuchagua, kuandika majibu yote yenye maana yaliyojitokeza, kuyapangia alama, na ndipo kuanza lundo. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zenye sampuli za majibu mazuri na mabaya, na idara ya Kiingereza isiyozisoma inajinyima darasa la bure. Karatasi zikirudishwa kwa wanafunzi, majibu mazuri yasomwe kwa sauti bila majina, yale ya maneno mepesi yakitangulia.

Maswali yaliyothibitika kuwa mazuri hayafai kutupwa pamoja na karatasi zake. Huwekwa kwenye faili la idara, kila swali na majibu kadhaa halisi ya wanafunzi na alama zilizokubaliwa, yakiwemo yale yaliyobishaniwa. Mwalimu anayehamia Njombe au Makambako kutoka Tanga au Kigoma huanzia hapo kuwajua wanafunzi wake.